Kibanio Chekundu

"Askofu, tuombee! Maji yamegoma tena."

Redio, mfuaji aliyeitwa hivyo kwa kuwa mdomo wake haukuzimwa, aliinama juu ya koki ya mashine ya pili, akaigonga kwa kandambili. Koki ikakohoa, ikatoa maji membamba kama uzi, kisha ikanyamaza.

"Si nilisema tangu juzi," alisema Askofu. "Bomba la baridi limejaa kutu. Msimamizi nilimwambia."

"Ulimwambia kwa sauti hiyo hiyo? Basi hakusikia. Wewe hata ukipiga kelele, mbu anauliza nani kanong'ona."

Wanawake wakacheka. Askofu naye akacheka, akaziba mdomo kwa mkono, akakumbuka kwamba mkono una glavu na glavu imetoka wapi, akautoa haraka. Wakacheka zaidi.

Jina la Askofu alipewa hapo hapo, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, siku wenzake walipojua kwamba anafuata mafundisho ya ubatizo. Alikuwa binti mwembamba, mwenye haya, na kumwita Askofu kulikuwa kama kumwita paka simba. Jumapili hii ndiyo angebatizwa. Kesho angekaa mbele ya wazee wa kanisa ajibu swali ambalo mwalimu amewapa mapema ili wasije wakababaika: eleza, kwa maneno yako mwenyewe, kwa nini ilibidi mmoja afe kwa ajili ya wote.

Maneno ya mwalimu alikuwa nayo. Yake mwenyewe ndiyo yalikuwa hayaji. Usiku aliyatafuta kitandani, asubuhi akayatafuta njiani, na sasa aliyatafuta kwenye lundo la mashuka. Kanisani waliimba kuhusu damu inayoosha mtu akawa mweupe, na yeye mara ya kwanza nusura acheke, halafu akaona aibu. Huku kwao damu haikuosha kitu. Damu ndiyo iliyooshwa, na ilikuwa na kichwa kigumu. Jambo la kwanza alilofundishwa siku alipoanza kazi lilikuwa hilo: damu huanza na maji baridi. Ukiipeleka moja kwa moja kwenye maji ya moto, inaiva, inashika uzi, na shuka hilo hata ulifue na wingu halitakati tena.

"Jamani, huku pasi inalia njaa!"

Mama Pasi alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba kikavu, mikono kiunoni. Alikuwa mwanamke mpana, mtu mzima, mwenye kovu refu la moto kwenye mkono wa kulia, na kazi yake ilikuwa kulisha mashuka kwenye mashine kubwa ya pasi. Kwenye ukanda wa aproni yake kilining'inia kibanio cha nguo, chekundu. Vibanio vingine vyote pale vilikuwa vyeupe.

"Leteni kazi. Au nijipige pasi mwenyewe?"

"Jipige, mama," alisema Redio. "Pengine mikunjo itapungua."

"Mikunjo hii nimeitolea jasho, mwanangu. Usiiguse."

Kibanio hicho kilikuwa mali ya wote. Zamani, shuka likiungua au gauni la daktari likipotea, msimamizi aliuliza nani, wote wakanyamaza, naye akawakata wote mshahara wa nusu siku. Ndipo Redio akaleta wazo. Kila Jumatatu kibanio chekundu kinahama kutoka aproni moja kwenda nyingine, na anayekivaa ndiye anayebeba makosa ya wiki. Nani kaunguza? Mimi. Nani kapoteza? Mimi. Anagombezwa, wengine wanaokoka, na wiki inayofuata ni mwingine. Aliyekosea hatajwi, hata wao kwa wao. Aliyebeba hashukuriwi. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na kwa muda mrefu ilifanya kazi vizuri, kwa kuwa makosa yalikuwa madogo.

Lakini Mama Pasi alikuwa ameshapewa onyo la mwisho. Alilipata kwenye zamu yake iliyopita, kwa koti la daktari ambalo hakuligusa. Wenzake walitaka wamruke safari hii. Alikataa. "Mkianza kuruka watu," alisema, "mtarukana wote mpaka kibanio kikose pa kukaa." Akakibana mwenyewe. Nyumbani alikuwa na mume aliyeanguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi, ambaye sasa kazi yake ilikuwa kukaa mlangoni, na wajukuu walioachwa na binti yake. Wote walikula kutoka kwenye mkono ule wenye kovu.

Asubuhi hiyo basi lilikuwa limepinduka kwenye barabara kuu. Mifuko ya thieta, chumba cha upasuaji, ilikuwa inakuja mmoja nyuma ya mwingine, mizito, inavuja kwenye sakafu. Ndani yake mlikuwa na mashuka mapya ya upasuaji, ya kijani, yaliyofunguliwa wiki ile ile.

Msimamizi akaingia na simu yake sikioni. "Ndiyo, Sista. Yanakuja, Sista. Sasa hivi, Sista." Akaiweka mfukoni. "Mnasikia ninavyotukanwa? Thieta hawana shuka. Mashine ya pili mbona imelala?"

"Bomba la baridi..." alianza Askofu.

"Sitaki habari ya bomba. Nimeomba bomba? Nimeomba mashuka."

Akatoka. Redio akamfuata kwenda kusaidia kushusha mifuko. Askofu akabaki na mashine.

Baadaye alijaribu mara nyingi kukumbuka kilichofuata, na kila mara kilikuja tofauti. Alijaza mashine. Alifungua koki ya baridi, akasubiri, akaona maji yanadondoka kama mtu anayelia kwa kujilazimisha. Alikuwa anafikiria swali. Mmoja kwa ajili ya wote. Lakini kama deni lilikuwa langu, kwa nini achukuliwe yeye, na aliyekubali kumchukua ni mwenye haki wa namna gani? Mkono wake ulikuwa kwenye koki ya baridi. Halafu ulikuwa kwenye koki ya moto. Alijua? Alijua. Alisahau? Alisahau pia. Mvuke ulipanda usoni mwake, mzuri, kama wa birika, na mashine ikaanza kuzunguka.

Mashuka yalipotoka yalikuwa na madoa ya kahawia, makubwa, yenye kingo kama ramani za nchi asizozijua. Aliliosha moja kwa mkono. Akamwagia dawa ya kung'arisha. Kijani kikafifia, doa likabaki. Akachukua la pili.

"Yesu wangu," alisema Redio nyuma yake. "Askofu, umeyapika."

Hawakupata muda wa kuyaficha. Msimamizi alikuwa amerudi kuyachukua mwenyewe. Aliinua shuka moja kwa ncha za vidole, akalitazama kwenye mwanga wa dirisha. Hakupiga kelele, na hilo ndilo liliwatisha.

"Nani?"

Mashine ya kwanza ilikuwa inazunguka. Mahali fulani maji yalidondoka. Askofu akafungua mdomo, na kama kawaida sauti yake ikachelewa njiani.

"Mimi," alisema Mama Pasi.

Alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kikavu, jasho linamtoka, shuka lililonyooshwa bado liko mikononi. Msimamizi alimtazama. Asubuhi nzima alikuwa amepita mbele ya mashine ya pasi na kumkuta hapo hapo; nusu saa iliyopita walikuwa wamebishana naye kuhusu foronya. Alijua. Askofu aliona usoni mwake kwamba anajua. Macho ya msimamizi yakashuka hadi kwenye ukanda wa aproni, yakakaa kidogo, yakapanda tena.

"Haya," alisema, kama mtu aliyetuliwa mzigo. "Ofisini."

Mama Pasi alilikunja shuka lake, kona kwa kona, akaliweka juu ya meza, akamfuata.

"Naenda kusema," alisema Askofu walipobaki wenyewe.

"Useme nini?" Redio alimshika mkono. "Sikiliza. Ukienda, yeye ni mwongo na wewe ni mkosaji. Wanafukuzwa wangapi hapo? Na kibanio umekivunja. Jumatatu nani atakivaa? Mimi sivai, nikijua mtu anaweza kuamka tu akaenda ofisini kusafisha roho yake."

"Lakini ni mimi."

"Wote ni mimi! Koti lile la daktari ni nani? Ni mimi. Umeniona naenda?" Redio aliuachia mkono, akageuka upande. Alipozungumza tena, sauti haikuwa ile ya kila siku. "Sikwenda. Na ninalala. Si vizuri sana, lakini ninalala. Utazoea."

Saa ya mapumziko Askofu hakunywa chai. Alikwenda kwenye kanisa dogo la hospitali, chumba kilichokuwa zamani stoo ya vitanda, ambamo mwalimu wa ubatizo alifundisha mchana. Mwalimu alikuwa nesi mstaafu, bibi mwenye miguu iliyovimba, na siku hiyo alikuwa peke yake, amevua viatu, ameiegemeza miguu kwenye benchi la mbele.

"Karibu, mwanangu. Samahani kwa miguu. Umekuja na jibu?"

"Nimekuja na swali, mwalimu."

"Ndiyo kawaida yako. Kaa."

Askofu akakaa. Akavuta nyuzi kwenye aproni yake. "Yule mhalifu, mwalimu. Yule waliyemfungua siku ile, wakamchukua Bwana mahali pake. Alikwenda wapi?"

"Haikuandikwa."

"Alirudi nyumbani? Alikula? Alilala usiku ule?"

Bibi aliteremsha miguu taratibu. "Nimefundisha watu wengi humu ndani," alisema, "hakuna aliyeniuliza alilala vipi. Kimekupata nini?"

Askofu akamweleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, akirudi kwenye bomba, akisahau kibanio na kukirukia tena. Bibi alisikiliza bila kumkatiza, kama alivyosikiliza wagonjwa zamani.

"Sasa sijui," alisema Askofu. "Kama nikishukuru, ninafurahia kuumia kwake. Nisiposhukuru, ninamdharau. Na kanisani mnasema tushukuru."

"Si sawasawa, mwanangu. Bwana alijitoa mwenyewe, kwa kupenda. Hakuna aliyempangia zamu. Na alijitoa mara moja, kwa wote, ikaisha. Hapo ndipo penye uzito. Madhabahu ilifungwa siku ile. Tangu hapo Mungu hamdai mtu mwingine damu."

"Basi mbona hawa bado wanadai?"

Nje, kitanda cha magurudumu kilipita kwa haraka, na sauti ya mtu ikimwomba mwingine ashikilie chupa juu.

"Hawa si Mungu," alisema bibi hatimaye.

"Najua, mwalimu. Lakini ndio wanaotufukuza."

Bibi alimshika kidole kimoja cha mkono, kile kidogo, akakishikilia. "Nenda kamwambie ukweli mwenye ofisi," alisema. "Sijui utasaidia nini. Nakwambia kweli, sijui. Ila nenda."

Mama Pasi alikuwa kwenye benchi nje ya ofisi ya meneja wa kampuni iliyopewa kazi ya kuifulia hospitali, akisubiri barua yake ya kufukuzwa ichapwe. Alikuwa ameshavua aproni. Bila aproni alionekana kama mgeni aliyekuja kumwona mgonjwa.

"Umefuata nini huku? Nani yuko kwenye mashine?"

"Mama, nimekuja kusema ni mimi."

"Hee! Nani kakuuliza?"

"Siwezi kukuacha ubebe. Umenifanyia jambo ambalo..." Machozi yakamjaa. "Sikustahili upendo huo."

"Upendo gani?" Mama Pasi alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mtoto wewe, ilikuwa zamu yangu. Basi. Ingekuwa wiki yako, ningekaa kimya kwenye pasi yangu ubebe wewe. Usinipambe."

"Lakini ulijua onyo lako ni la mwisho."

"Nilijua. Nilipoona yale mashuka, nilisema moyoni, laiti leo ningekuwa naumwa nimelala nyumbani." Akacheka kidogo, cheko lisilofika mbali. "Mguu mmoja ulitaka kurudi ndani. Halafu mdomo ukasema. Sijui kwa nini mdomo ulisema. Usiniulize tena, kichwa kinaniuma."

Mlango ukafunguliwa, akatoka mtu mwingine, ukabaki wazi. Askofu akaingia kabla woga haujamkuta.

Meneja alikuwa kijana mstaarabu, mwenye shati jeupe. Alimkaribisha kiti. Hakuna mtu aliyewahi kumkaribisha kiti katika jengo lile, na ukarimu huo ukazidi kumchanganya.

"Ni mimi niliyefungua maji ya moto," alisema Askofu. "Mama Pasi hakuwa hata kwenye chumba kile."

"Najua," alisema meneja.

"Unajua?"

"Anayepiga pasi atafuaje?" Alitabasamu. "Hata hicho kibanio chenu tunakijua, siku nyingi. Wala hatukukataza. Kwa kweli mnaturahisishia kazi. Hospitali wakilalamika wanataka wasikie kwamba mtu amechukuliwa hatua. Hawaulizi zaidi. Nimeshawapigia, wameridhika."

"Basi nichukue mimi. Umrudishe yeye."

"Nikuchukue kwa kosa gani? Kosa limeshalipwa." Alisema hivyo bila ubaya, kama anaeleza jinsi ya kutumia lifti. "Nikikufukuza na wewe, nitakuwa nimefukuza wawili kwa kosa la mmoja. Hiyo itakuwa haki?"

Askofu alitafuta kosa katika maneno hayo. Alijua limo, kama unavyojua harufu imo chumbani. Hakulipata.

"Na bomba?" alisema.

"Bomba lipi?"

"La baridi. Halitoi maji. Leo mashuka mengine yanakuja."

"Hilo liko kwenye bajeti ijayo." Meneja alisimama, akamfungulia mlango. "Mwenzako kakuokoa, dada. Watu wachache wanapata bahati hiyo. Rudi kazini, ufanye vizuri, umwonyeshe kwamba hakupoteza bure."

Alipotoka, benchi lilikuwa tupu.

Kwenye chumba cha kufulia msimamizi alikuwa akimsubiri. "Ulikuwa wapi? Acha hiyo mashine, Redio ataishika. Wewe tangu sasa uko kwenye pasi."

"Mimi?"

"Una mikono myepesi, na huna maneno mengi. Njoo, inapoa."

Chumba kikavu ndicho kila mmoja alichokitamani. Hakuna damu kule, hakuna sakafu ya maji, na mshahara una nyongeza kidogo. Wenzake walimtazama. Mmoja alisema "hongera", kwa mazoea, kisha akainama kufunga kamba ya kiatu ambacho hakikuwa na kamba. Redio peke yake hakuinua kichwa.

"Sitaki," alisema Askofu.

"Sikukuuliza kama unataka," alisema msimamizi.

Shuka alilokuwa amelikunja Mama Pasi lilikuwa bado juu ya meza, kona kwa kona. Kulihamisha ndiyo ingekuwa kazi yake ya kwanza. Askofu alisimama mbele yake, akanyoosha mkono, akaurudisha. Halafu akageuka akatoka, kwanza kwa kutembea, kisha mbio, na glavu zake mkononi.

Alimkuta Mama Pasi getini. Mlinzi alikuwa anapekua mfuko wake, akitoa kitu kimoja kimoja na kukiweka kwenye meza: kanga kuukuu, kikombe cha bati, viatu vya mvua, chupa ya dawa ya kuchua ya mumewe. Watu waliokuja kuwaona majeruhi wa basi walipita pembeni wakitazama.

"Mama, ngoja. Nakusindikiza nyumbani."

"Saa hizi? Ukiwa zamu?" Mama Pasi alikunja uso. "Una wazimu. Nyumbani mimi mwenyewe sijui nitasema nini. Sijawahi kufika jua likiwa juu namna hii. Mzee atadhani kuna msiba. Wewe utasema nini pale?"

"Nitamwambia ni mimi."

"Halafu? Atapona miguu?" Alianza kurudisha vitu mfukoni, akivisukuma chini kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Sikiliza. Ukifukuzwa na wewe leo, mimi nitakuwa nimefanya nini? Eh? Niambie, wewe msomi wa dini. Nitakuwa nimetupa mkate wangu ndani ya choo. Rudi ndani."

"Wamenipa pasi yako."

Mama Pasi akasimama na kikombe mkononi. Askofu alitamani amtukane, amrushie kile kikombe. Mama Pasi alikitazama tu, kama hakumbuki cha nani.

"Roli la chini la pasi linashika upande wa kushoto," alisema mwishowe. "Ulivute shuka kidogo, hivi, kabla halijaingia. Bila hivyo litakuunguza kama mimi."

Askofu akalia. Alishika mkono mmoja wa mfuko, Mama Pasi akashika mwingine, na hakuna aliyeuvuta wala kuuachia. Nyuma yao foleni ya wageni ilikuwa inakua.

"Dada," alisema mlinzi, "unatoka au unaingia? Unaziba njia."

Askofu alitazama barabara. Akatazama ua wa hospitali. Akitoka, alichokitoa mama huyu kitakuwa si kitu. Akirudi, atakula kutokana nacho kila mwisho wa mwezi. Alijaribu kukumbuka alichosema mwalimu, na kilichokuja ni kidole chake kidogo kikiwa kimeshikwa.

"Mama Pasi!"

Ilikuwa sauti ya msimamizi, kutoka kwenye mlango wa chumba cha kufulia, mkono wake ukipunga kwa hasira. Wote wawili waligeuka.

"Mama Pasi, nakuita! Mashine inaungua huku!"

Alikuwa anamtazama Askofu.

Kisha vidole vya Mama Pasi vikalegea kwenye mkono wa mfuko, uzito wote ukabaki kwa Askofu.

"Itika," alisema mama yule kwa upole. "Unaitwa."

Msimamizi akaita tena. Askofu hakuitika. Hakuondoka pia. Alisimama katikati ya geti na mfuko ule, na watu wakaanza kupita pande zake mbili, wengine wakiingia, wengine wakitoka.